Tuzo za Mbegu Mpya za Maua na Mboga: Ipi Ikuongoze Ukiwa Dodoma?

Ukisimama mbele ya rafu ya mbegu katika duka la pembejeo, au ukipekua katalogi za nje kwenye simu, utakutana na alama nyingi zenye dai moja: aina hii ilishindanishwa ikashinda. Pakiti moja ina herufi AAS (tuzo ya Marekani), nyingine ina kikombe cha RHS (chama cha bustani cha Uingereza), nyingine medali ya Fleuroselect (umoja wa wazalishaji wa maua wa Ulaya). Ya hapa nyumbani ina lebo ya TOSCI (taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu), ambayo kazi yake ni tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

Alama hizi ni za kweli. Shida ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na swali hilo liliulizwa katika udongo fulani, msimu fulani, dhidi ya aina fulani. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushee, inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Agosti upepo mkavu hukausha jani kuliko jua lenyewe. Kabla ya kulipia mbegu, uliza: walioipa tuzo walipima nini, na je, kipimo hicho kinagusa shida za bustani yangu?

| Jaribio | Linafanyika wapi | Inalinganishwa na nini | Linajibu swali gani | Uzito wake Dodoma |
|---|---|---|---|---|
| AAS | Marekani na Kanada | Aina zinazofanana nayo zilizoko sokoni | Je, aina mpya inaishinda ya zamani? | Mkubwa kwa maua ya joto, wa wastani kwa mboga |
| Fleuroselect | Nchi mbalimbali za Ulaya | Maua ya kundi lake | Je, ua hili ni jipya na zuri kweli? | Mdogo hadi wastani |
| RHS | Uingereza | Aina nyingi za zao moja, mpya na za zamani | Je, inafaa bustani ya kawaida ya Uingereza? | Mdogo, hatari kwa vitunguu |
| TOSCI na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) | Kanda mbalimbali za Tanzania | Aina zilizosajiliwa | Je, ni tofauti, na ina faida kwa mkulima? | Mkubwa kwa mboga |
| Shamba la maonesho | Nzuguni, Agosti | Mara nyingi hakuna | Je, inapendeza leo? | Mdogo mpaka uulize maswali |

AAS: utaratibu bora, hali ya hewa ya wengine

All-America Selections ilianzishwa mwaka 1932 na washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 1933. Nguvu yake iko kwenye utaratibu. Aina inayoingia lazima iwe haijawahi kuuzwa. Waamuzi huipokea kwa namba tu, bila jina wala kampuni, na kuipanda ubavuni mwa aina zinazofanana nayo ambazo wakulima wanazijua. Kila mwamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 5. Waamuzi hawalipwi. Wenye mbegu ndio hulipia kuingiza aina yao, na malipo hayo hayanunui ushindi. Ila yana athari moja: asiyelipia hayumo. Aina nzuri ya taasisi ya umma isiyo na fungu la kujitangaza haitaonekana pale, hata kama ingeshinda.

Siku hizi, mbali na washindi wa jumla, wapo washindi wa kanda. Hapo ndipo mtu wa Dodoma apaangalie kwanza. Mshindi wa kanda ya kusini-magharibi, penye jua kali na hewa kavu, au wa nyanda za kati za Marekani, ameshapitia taabu inayofanana na yetu. Mshindi wa kusini-mashariki amezoea joto lenye unyevu, na huyo angemfaa zaidi mtu wa Tanga.

Mifano miwili ya zamani inaonyesha jambo hili vizuri, kwa kuwa mbegu zake zinajulikana sana hapa nchini. Bamia ya Clemson Spineless ilishinda AAS mwaka 1939. Tikiti la Crimson Sweet lilishinda mwaka 1964. Bamia hiyo ilitoka South Carolina, na tikiti hilo lilizalishwa Kansas, sehemu zenye kiangazi cha joto kweli, ndiyo maana hazikushtuka zilipofika Afrika Mashariki. Zote mbili si chotara, hivyo unaweza kutunza mbegu yake mwenyewe, ilimradi tikiti lako lisichavushane na aina nyingine ya jirani. Washindi wengi wa siku hizi ni chotara, na mbegu utakayokamua kwenye tunda la chotara haitakurudishia ulichovuna.

Kwenye maua, tofauti huonekana wazi zaidi. Petunia ya Purple Wave ilishinda AAS mwaka 1995 na ikabadilisha bustani za Marekani kwa jinsi inavyotambaa na kufunika ardhi. Lakini ni mmea unaosubiri siku ndefu ndipo utoe maua. Dodoma, urefu wa mchana hucheza kati ya saa 11 na dakika 45 na saa 12 na nusu mwaka mzima. Utapata majani mengi, maua yatachelewa na yatakuwa machache, halafu utailaumu mbolea.

Zinia za Profusion, zilizopata medali ya dhahabu ya AAS mwaka 1999, ni kinyume chake. Hazidai siku ndefu, zinastahimili joto, na kubwa kuliko yote hazishikwi upesi na ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka jani unga mweupe usiku unapoanza kupoa mwezi Juni. Zipande moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimita 1, nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Mwagilia kwenye shina asubuhi. Zinia huharibika zaidi kwa maji ya juu ya jani jioni kuliko kwa ukame.

Fleuroselect

Umoja huu wa wazalishaji wa maua wenye makao Uholanzi ulianza mwaka 1970. Medali yake ya dhahabu hutazama upya na uzuri: rangi ambayo haikuwepo, umbo la ua ambalo halikuwepo, mmea uliojaa vizuri kuliko wa jamii yake. Ukiwa unauza maua ya kukata au miche ya mapambo kwa hoteli na ofisi za mji wa Serikali pale Mtumba, medali hii inakusaidia kujua wateja watakachokisifia. Haikuambii kama mmea utavumilia maji ya kisima yenye chumvi.

RHS: kikombe kinachoheshimika, siku ndefu kinachozitegemea

Chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kilianza kutoa tuzo hii mwaka 1922. Tofauti yake na AAS ni kwamba haihusu mbegu mpya pekee. Aina nyingi za zao moja, za zamani na za sasa, hupandwa pamoja, nyingi katika bustani ya Wisley, na waamuzi huzipitia mara kadhaa katika msimu. Zinazopewa kikombe zinatakiwa ziwe na afya, zisibadilike rangi na umbo, zisiwe dhaifu kupita kiasi mbele ya wadudu na magonjwa, na zipatikane madukani. Tuzo hiyo pia hupitiwa upya, na aina iliyopitwa hunyang'anywa. Kama mfumo wa kumlinda mnunuzi, ni wa mfano.

Kasoro yake kwetu ni latitudo. Chukua vitunguu maji. Red Baron na Sturon ni vitunguu vyenye kikombe cha RHS, na Uingereza vinastahili. Vitunguu vya kundi hilo huanza kujaza pale tu mwanga wa mchana unapofika saa 14 hadi 16. Ukivipanda Dodoma au Singida, siku hiyo haitafika kamwe. Utaona majani mazuri ya kijani, shingo nene kama kidole gumba, na chini hakuna kitunguu. Hakuna samadi wala urea itakayorekebisha. Kwa ukanda wetu shikilia aina za siku fupi, kama Red Creole na Bombay Red, hata kama hazina kikombe chochote kwenye pakiti.

Alama za RHS za kustahimili baridi, H1 hadi H7, ziache kabisa. Zinapima barafu.

TOSCI na TARI: jaribio la nyumbani

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku dukani.

La kwanza ni *usajili wa aina*. Aina mpya hupitia vipimo vya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao Morogoro. Kipimo kimoja huangalia kama aina ni tofauti na zilizopo, kama mimea yake inafanana yenyewe kwa yenyewe, na kama inabaki vilevile kizazi hadi kizazi. Kingine hupima faida yake kwa mkulima katika maeneo zaidi ya moja, ikiwa bega kwa bega na aina zilizokwishasajiliwa.

La pili ni *uthibitisho wa mbegu*. Lebo ya TOSCI kwenye pakiti, ile yenye namba ya kukwangua, inasema mbegu zilizomo ni za aina iliyoandikwa, ni safi, na uotaji wake ulipimwa. Haisemi kwamba aina hiyo ni bora kwa Dodoma. Mtu anayekuambia "hii ina TOSCI, itakufaa" amejibu swali ambalo hukuuliza. Namba ihakiki, kwa sababu pakiti bandia zipo, kisha endelea kuuliza: aina hii ilijaribiwa kanda gani na mwinuko gani? Katalogi ya aina zilizosajiliwa huonyesha mwinuko unaofaa, na aina iliyopendekezwa kwa mita 1,500 kwenda juu si ya Bahi wala Mpunguzi.

Jaribio la nyumbani lina uzito kuliko tuzo yoyote ya nje upande wa mboga, hasa za asili. Mnafu wa Nduruma na Olevolosi, mchicha wa Madiira na ngogwe ya Tengeru White zilitokana na kazi ya kituo cha utafiti wa mboga cha Tengeru na kituo cha kimataifa cha mboga kilichoko Arusha. Hakuna mwamuzi wa Ulaya aliyewahi kukuchagulia mlenda.

Lakini angalia mwaka. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilitolewa mwaka 1997, na sifa yake ya ganda gumu lisilopasuka njiani bado ni ya kweli. Tenga la Tanya hufika sokoni likiwa zima. Kantangaze, yule kiwavi mdogo anayechimba jani na tunda la nyanya, alionekana nchini mwaka 2014. Kwa hiyo matokeo mazuri ya miaka ya tisini hayasemi lolote kumhusu. Jaribio la zamani linapima wadudu wa zamani.

Tuseme pia kuhusu herufi za kinga kwenye pakiti za nyanya, kwa sababu mara nyingi ndizo zilizoipatia aina alama za juu kwa waamuzi. F ni mnyauko fuzari, V ni mnyauko vetisili, N ni minyoo fundo, TYLCV ni virusi vinavyokunja jani na kubebwa na nzi weupe. Kwa Dodoma, N na TYLCV zina thamani kubwa, kwa kuwa udongo wa kichanga hupendwa na minyoo fundo, na kiangazi hupendwa na nzi weupe. Sasa tahadhari: kinga ya N kwenye nyanya hutegemea jeni moja iitwayo Mi, na jeni hiyo hulegea udongo unapopita nyuzi joto 28. Aina iliyoshinda kwenye udongo wa nyuzi 20 inaweza kukutwa na vifundo mizizini Oktoba hapa kwetu, ingawa mbegu si bandia hata kidogo. Chomeka kipimajoto sentimita 10 ardhini saa nane mchana. Kikizidi 28, weka matandazo ya mabua ya uwele au nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, au hamishia upandaji Aprili na Mei.

Nzuguni, Nane Nane

Vipando vya maonesho ni shule nzuri, na ni jaribio dhaifu. Kila aina hupandwa na mwenye mbegu, hupewa maji, mbolea na dawa ya kutosha, na hupangwa ifikie ubora wake tarehe 8 Agosti. Agosti ni mwezi wa baridi kavu. Usichokiona pale ni jinsi itakavyokuwa Novemba. Ukiwa mbele ya kipando, uliza tarehe ya kusia, dawa zilizopigwa na idadi ya mizunguko, mbolea kwa shimo, na maji kwa wiki. Kisha waombe wakuonyeshe aina ya zamani iliyopandwa siku hiyohiyo. Anayekuonyesha bila kusita, mbegu yake inastahili nafasi kwenye jaribio lako.

Jaribio lako mwenyewe

Hili ndilo pekee linalouliza swali lako, na eneo la mita 10 kwa 10 linatosha kwa nyanya. Chagua aina tatu mpya na moja unayoijua vizuri, hiyo ya nne ndiyo ya kulinganishia. Bila ya kulinganishia huna jaribio, una bustani.

Gawa eneo mafungu manne. Katika kila fungu, panda mistari minne, aina moja kwa mstari, miche 8 kila mstari, sentimita 50 kati ya miche na 90 kati ya mistari. Mpangilio wa aina upatikane kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia, na upya kwa kila fungu. Jumla ni miche 128. Zungushia mstari mmoja wa miche ya pembeni ambayo hutaihesabu, kwa kuwa mimea ya ukingoni hupata mwanga mwingi na upepo mwingi. Katika kila mstari pima miche sita ya katikati tu.

Piga hesabu ya maji kabla ya kusia. Lita 2 kwa mche kwa siku wakati wa kubeba matunda ni lita 256, yaani karibu ndoo 13 za lita 20, bila ile ya pembeni. Kama huna uhakika nazo, punguza aina, usipunguze mafungu. Mafungu manne yenye aina mbili yana maana kuliko fungu moja lenye aina nane.

Sia siku moja, udongo mmoja, kitalu kimoja. Kabla ya hapo weka mbegu 50 za kila aina kwenye kitambaa chenye unyevu na uhesabu zilizoota baada ya siku 7 hadi 10. Pakiti iliyokaa juani itakupa miche michache, na kosa hilo ni la duka, si la aina.

Daftari libebe mambo machache: miche iliyo hai wiki mbili baada ya kuhamishwa, siku ya ua la kwanza, kilo za kuuzika kila mchumo, na kilo zilizotupwa pamoja na sababu. Andika lebo kwa penseli kwenye vipande vya plastiki vya dumu lililopasuka. Wino wa kalamu huliwa na jua la Dodoma kabla ya mchumo wa kwanza, na ndivyo majaribio mengi yanavyokufa.

Makosa yanayopotosha matokeo yanajulikana. Fungu lililo karibu na bomba hupata maji zaidi. Basi anzia kumwagilia fungu tofauti kila siku. Aina inayowahi huonekana mshindi ukifunga hesabu mapema. Subiri mchumo wa mwisho wa aina inayochelewa. Kuoza kitako mara nyingi ni maji yasiyo na mpangilio, lakini kama aina moja inaoza katika mafungu yote manne na jirani zake ni wazima, hapo aina yenyewe ina udhaifu. Ukitaka kupima uvumilivu wa ugonjwa, piga dawa aina zote sawa au usipige yoyote. Kuokoa mstari mmoja unaoupenda ni kuua jaribio zima.

Matokeo yasome fungu kwa fungu. Aina mpya ikiishinda ya kulinganishia katika mafungu yote manne, ina hoja. Kwa bahati tupu hilo hutokea mara 1 kati ya 16. Ukiwa na aina mpya tatu, nafasi ya mmojawapo kubahatisha huongezeka, kwa hiyo rudia msimu wa pili kabla ya kununua mbegu ya eka. Ikishinda mafungu mawili na kushindwa mawili, tofauti haijathibitika, hata jumla ya kilo iwe inavutia vipi.

Basi uchague ipi?

Maua ya uani Kisasa au Ilazo: anza na washindi wa AAS wa jamii zinazopenda joto, yaani zinia, vinka, portulaka na marigoldi. Vinka usiimwagilie kila jioni, mzizi wake huoza. Tuzo za Ulaya zitumie kuchagua rangi tu.

Nyanya na pilipili hoho za kupeleka soko la Majengo au la Job Ndugai: anzia orodha ya aina zilizosajiliwa, tazama herufi za kinga, halafu jaribio lako. Tuzo ya nje ihesabu kama sababu ya kuiingiza aina kwenye jaribio, isiwe sababu ya kuijaza shamba.

Vitunguu: siku fupi kwanza, mengine baadaye.

Mchicha, mnafu, ngogwe, mlenda: za ndani, bila kuangalia nje.

Na kama mshindi unayemtaka hauzwi nchini, usimwagize kimyakimya kwenye kifurushi. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali cha TOSCI na hati ya afya ya mimea kwa utaratibu wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), hata kwa gramu chache, kwa kuwa baadhi ya virusi vya nyanya na pilipili husafiri na mbegu. Tafuta kibali kabla ya kulipia, na mbegu zikifika zitunze kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kavu, mbali na bati la paa.